Chai Nzuri Safarini: Maji, Mwinuko na Kikombe katika Uwanda wa Dodoma

Miongoni mwa mambo ambayo msafiri huyatambua upesi anapotoka pwani na kufika Dodoma ni kwamba chai yake imebadilika. Majani ni yaleyale aliyoyatia mkobani, sukari ni ileile, na kipimo cha maji hakikuzidi wala kupungua. Hata hivyo, chai aliyoizoea ikiwa nyekundu yenye kung'aa sasa imekuwa nyeusi na nzito machoni, ladha yake imepooza, na juu yake umeelea utando mwembamba unaoshika pembeni mwa kikombe. Mmoja atamlaumu mpishi. Mwingine atasema kwamba majani yamelala dukani muda mrefu. Naye aliyesoma fizikia kidogo atatamka kwa uhakika kwamba kosa ni la mwinuko, kwa kuwa maji ya huku juu hayafiki nyuzi 100.

Makala haya yanakusudia kuwahoji washtakiwa hao mmoja baada ya mwingine. Jambo lenyewe laweza kuonekana dogo, lakini ndani ya kikombe cha chai mna masomo ya fizikia, kemia, jiografia na afya ambayo mwalimu anaweza kuyafundisha kwa sufuria, kipimajoto na kipande cha limau. Zaidi ya hayo, kikombe hicho kinatukumbusha kanuni moja ya sayansi inayosahauliwa mara kwa mara: kabla ya kumhukumu mtu au kitu, pima kwanza.

RELI INAYOPANDA

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na hatimaye Kigoma mwaka 1914. Tangu mwaka 2024 treni za umeme nazo hupita katika reli mpya kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na safari iliyokuwa ikichukua usiku mzima sasa huchukua saa chache tu. Uamuzi wa kuifanya Dodoma kuwa makao makuu ya nchi ulifanywa mwaka 1973, na kuanzia mwaka 2016 Serikali ilihamia huko kwa kasi. Kwa hiyo watu wanaopanda kutoka pwani kwenda uwanda wa kati, wawe watumishi, wafanyabiashara au wanafunzi, wameongezeka sana.

Safari hiyo ni tofauti na safari ya meli. Abiria atokaye Dar es Salaam kwenda Unguja au Mtwara kwa njia ya bahari hubaki katika usawa uleule tangu kung'oa nanga hadi kutia nanga. Birika lake litachemka kwa namna moja safari nzima. Abiria wa treni, kwa upande wake, hupanda bila kujijua. Morogoro ipo karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Dodoma ipo karibu mita 1,120. Ni kana kwamba birika lake limepandishwa juu ya kilima kirefu, ingawa yeye mwenyewe ameketi tu dirishani akitazama mibuyu.

NYUZI 96 SI KOSA LA KIPIMAJOTO

Hewa ina uzito. Sisi tuishio duniani tupo chini ya bahari kubwa ya hewa, na uzito wa hewa hiyo hukandamiza kila kitu, yakiwamo maji yaliyomo sufuriani. Mkandamizo huo huitwa kanieneo ya hewa. Maji huchemka pale ambapo msukumo wa mvuke wake unapolingana na kanieneo ya hewa iliyo juu yake. Hapo ndipo mapovu ya mvuke yanapoweza kutokea ndani kabisa ya maji na kupanda juu bila kubanwa yakatoweka.

Kadiri tunavyopanda, hewa iliyobaki juu yetu hupungua, na kanieneo hupungua pia. Katika mji wa Dodoma kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 88 ya ile ya pwani. Kwa kuwa mkandamizo ni mdogo, maji hayahitaji kupata joto jingi ili mvuke wake uushinde. Kanuni rahisi ya kukumbuka ni kwamba kila tunapopanda mita 300, kiwango cha kuchemka hushuka kwa karibu uzi mmoja wa Sentigredi. Kwa hesabu hiyo, maji huchemka kwa nyuzi 100 Dar es Salaam, kwa nyuzi 98 na ushei Morogoro, kwa nyuzi 96 na ushei Dodoma, na kwa nyuzi 95 hivi Singida, ambako ardhi imefikia karibu mita 1,500. Juu ya kilele cha Uhuru katika Mlima Kilimanjaro, mita 5,895 toka usawa wa bahari, maji huchemka kwa karibu nyuzi 80 tu.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mwanafunzi wa uwanda wa kati. Kitabu chake kimemwambia kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Anapotia kipimajoto katika maji yanayotokota, zebaki au pombe husimama kwenye 96 na haipandi tena. Afanye nini? Kishawishi cha kuandika 100 ni kikubwa, ama kwa hofu ya kukosa alama, ama kwa kudhani kwamba chombo chake ni kibovu. Mwalimu na amzuie asifanye hivyo. Kuna njia ya kukikagua chombo hicho. Kitumbukizwe katika barafu iliyopondwa na kuanza kuyeyuka, kwani kiwango cha kuyeyuka kwa barafu hakibadiliki kwa mwinuko kiasi cha kuonekana katika kipimajoto cha shule. Kikisoma 0 katika barafu na 96 katika maji yanayochemka, chombo ni kizima, na mwanafunzi ameona ukweli wa mahali alipo. Kitabu nacho hakikusema uongo: kilisema habari za usawa wa bahari.

SOMO LA WASAFIRI WA MWAKA 1857

Kabla ya kuwapo ramani zenye vimo, uhusiano huu wa mwinuko na mchemko ulitumiwa kinyumenyume. Msafiri alichemsha maji, akasoma kipimajoto, kisha akakokotoa kimo cha mahali aliposimama. Waingereza Richard Burton na John Speke walivuka nchi ya Ugogo mwaka 1857 wakiwa katika msafara uliotoka pwani, na mwezi Februari 1858 wakafika Ujiji. Walipima kimo cha Ziwa Tanganyika kwa njia hiyo ya kuchemsha maji, na jibu lao likawa takriban mita 560. Kimo halisi cha ziwa hilo ni karibu mita 770.

Kosa la mita 200 na zaidi ni kubwa. Lakini msomaji akitumia kanuni yetu ya mita 300 kwa uzi mmoja, ataona kwamba limetokana na kosa la kipimajoto lisilofika hata uzi mmoja. Ndiyo sababu twasisitiza kwamba kipimajoto kikaguliwe kabla ya kutumiwa. Chombo kisichokaguliwa kinaweza kulishusha ziwa zima.

JE, MWINUKO NDIO WENYE HATIA?

Tumekwisha kukubali kwamba maji ya Dodoma huchemka kabla ya nyuzi 100. Je, nyuzi nne zilizopotea zatosha kuiharibu chai?

Chai itokanayo na mmea uitwao kitaalamu Camellia sinensis ina mamia ya kemikali. Kwa mnywaji, zilizo muhimu zaidi ni kafeini inayochangamsha, jamii ya tanini zinazoleta rangi na ukakasi, na mafuta mepesi yaletayo harufu. Maji ya moto yanapokutana na majani, kafeini na kemikali nyepesi hutoka mapema, na tanini nzito huendelea kutoka polepole. Kasi ya kutoka hutegemea joto: maji yakiwa ya moto zaidi, chai hukolea upesi zaidi. Hutegemea pia ukubwa wa chembe za majani. Chai nyingi ya Afrika Mashariki husagwa na kuviringwa viwandani ikawa chembe ndogondogo, na chembe ndogo hugusana na maji mahali pengi, hivyo hukolea katika dakika chache.

Ni kweli, basi, kwamba maji ya nyuzi 96 hukoleza chai polepole kuliko maji ya nyuzi 100. Lakini tofauti hiyo ni ndogo, na subira ya dakika moja zaidi huifidia. Ushahidi mwingine tunao hapahapa nchini. Mashamba makubwa ya chai ya Mufindi yapo katika mwinuko wa karibu mita 1,900, na huko maji huchemka kwa nyuzi 94 au pungufu kidogo. Wenyeji wa huko hunywa chai nyekundu iliyokolea vizuri. Kama mwinuko ungekuwa ndio wenye hatia, chai ya Mufindi ingekuwa mbaya kuliko ya Dodoma. Sivyo ilivyo. Basi mshtakiwa huyu tumwachilie, tukamtafute mwingine.

KIKOMBE BARIDI

Mshtakiwa wa pili hatajwi na mtu, kwa sababu yupo mkononi mwetu. Naye ni kikombe chenyewe.

Uwanda wa kati hupata baridi kali asubuhi za Juni na Julai. Tuseme tuna kikombe cha kauri chenye uzito wa gramu 250, nacho kina nyuzi 20. Tunamimina ndani yake gramu 200 za maji yenye nyuzi 96. Kila gramu ya maji huhitaji jouli 4.2 ili ipande uzi mmoja, na kila gramu ya kauri huhitaji takriban jouli 0.9. Kwa hiyo maji yote yana uwezo wa jouli 840 kwa kila uzi, na kikombe kina uwezo wa jouli 225 kwa kila uzi. Maji yatatoa joto na kikombe kitapokea hadi vyote viwe na joto moja. Mwanafunzi akikokotoa ataona kwamba joto hilo ni karibu nyuzi 80.

Tazama ajabu yake! Mwinuko ulitunyang'anya nyuzi nne nasi tukapiga kelele, kumbe kikombe baridi kimetunyang'anya nyuzi 16 nasi tumenyamaza.

Sasa tukisuuze kikombe kwa maji ya moto kwanza, kifike nyuzi 60, kisha tumwage maji hayo na kumimina yale yanayochemka. Hesabu ileile itatupa nyuzi 88. Tulinganishe na mtu wa Dar es Salaam anayemimina maji ya nyuzi 100 katika kikombe cha namna hiyo kisichopashwa moto, chenye nyuzi 28 za hewa ya pwani. Yeye atapata karibu nyuzi 85. Mtu wa Dodoma aliyepasha kikombe chake amempita mtu wa pwani kwa nyuzi tatu, ingawa maji yake yalichemka mapema. Katika hali halisi kikombe hakifyonzi joto lote papo hapo, na hewa nayo huchukua sehemu yake, kwa hiyo hesabu hizi ni za makadirio. Lakini mwelekeo wake ni sahihi, na kila darasa linaweza kuuthibitisha kwa kipimajoto.

Hapa ndipo inapoonekana busara ya desturi yetu ya kupika chai sufuriani. Majani yanapotiwa katika maji yaliyo bado jikoni, joto halishuki: hubaki nyuzi 96 muda wote wa kukolea. Mama anayeuza chai kando ya kituo cha treni amelitatua tatizo la mwinuko bila kuandika hesabu yoyote. Hatari yake ni moja tu, nayo ni kuisahau sufuria. Majani yakitokota kwa nusu saa, tanini nzito hutoka zote, harufu hupotea na mvuke, na chai huwa chungu. Yatosha kutia majani, kuacha yatokote kidogo, kufunika, kuipua, kisha kuchuja baada ya dakika nne au tano. Tangawizi na mdalasini, ambavyo hutoa ladha polepole, vitangulie majini kabla ya majani. Iliki iliyopondwa, ambayo harufu yake huruka upesi, na itiwe mwishoni.

MAJI MAGUMU YA UWANDA

Kikombe kimeeleza upungufu wa joto. Lakini hakikueleza rangi nyeusi wala ule utando. Kwa hayo tunamgeukia mshtakiwa wa tatu, yaani maji.

Kwa miongo mingi mji wa Dodoma umetegemea maji ya visima virefu vya bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Mvua ya Dodoma ni chache, wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nayo hunyesha katika msimu mmoja kati ya Desemba na Aprili. Vipimo vya kina cha maji katika visima vya Makutupora vimewekwa tangu miaka ya 1950, na ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu kabisa za aina hiyo katika nchi za tropiki. Wanasayansi waliozichambua na kutoa matokeo yao mwaka 2013 waliona kwamba hazina ya maji chini ya ardhi haijazwi sawasawa kila mwaka. Hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Kwa hiyo yawezekana kwamba maji yaliyomo birikani ni mvua iliyonyesha kabla msomaji hajazaliwa.

Katika kukaa kwake ardhini, maji hayo yameyeyusha madini ya miamba na udongo, hasa chumvi za kalsiamu na magnesi. Maji yenye chumvi hizo kwa wingi huitwa maji magumu. Sabuni haitoi povu upesi ndani yake, na birika linalotumiwa kila siku hujenga ukoko mweupe kama chokaa. Ukoko huo hutokea hivi: maji magumu yanapochemshwa, bikaboneti ya kalsiamu iliyoyeyuka huvunjika na kuwa kaboneti ya kalsiamu, maji, na hewa ya ukaa. Hewa hupanda na mvuke, nayo kaboneti, ambayo haiyeyuki kwa urahisi, hutua chini na pembeni.

Chumvi hizohizo ndizo zinazoleta utando juu ya chai. Mwaka 1993 Michael Spiro na Deogratius Jaganyi, waliokuwa wakifanya utafiti katika Imperial College mjini London, walitoa katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wao juu ya utando huo. Jaganyi baadaye alikuja kuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya. Walionyesha kwamba utando hautokani na nta ya majani, kama wengine walivyodhani. Hutokea pale kalsiamu na bikaboneti vilivyomo majini vinapokutana na tanini za chai na oksijeni ya hewa juu ya uso wa kikombe. Katika maji yaliyokeneshwa utando haukutokea. Ilipotiwa asidi ya aina ya ile iliyomo katika limau, utando ulitoweka.

Rangi nayo ina maelezo yake. Rangi ya chai hubadilika kulingana na uchungu au ubesi wa maji. Asidi huifanya ing'ae na kuelekea manjano, na besi huifanya iwe nyeusi. Maji yenye bikaboneti nyingi huelekea upande wa besi. Hii ndiyo sababu tone la limau huibadilisha chai mbele ya macho yetu, na ndiyo sababu chembe chache za magadi, yale yatumikayo kulainisha maharage, huigeuza kuwa nyeusi kabisa.

Basi mwenye hatia kubwa amepatikana, naye si mwinuko bali ni ugumu wa maji. Tena anatibika. Kaya nyingi huchemsha maji ya kunywa jioni na kuyaacha yapoe katika chombo kilichofunikwa. Asubuhi chokaa huwa imetua chini. Maji ya juu, yakichotwa taratibu bila kutibua masimbi, huwa yamepunguziwa sehemu ya ugumu wake, nayo hutoa chai bora kuliko yale yatokayo moja kwa moja bombani. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka bati safi, baada ya mvua za kwanza kuosha vumbi, ni laini zaidi, na chai yake hushangaza kwa wekundu. Asiye na njia hizo na atumie limau, ila asilichanganye na maziwa, kwani maziwa yataganda.

CHUPA YA CHAI SAFARINI

Sasa tumrudie msafiri wetu wa treni. Wengi hubeba chupa ya chai, chombo kilichobuniwa na mkemia James Dewar mwaka 1892 kwa ajili ya kuhifadhi vimiminika baridi katika maabara. Chupa hiyo ina kuta mbili za kioo zilizoondolewa hewa katikati, na kuta hizo zimepakwa fedha inayong'aa. Pasipo hewa, joto halina njia ya kupita kwa kugusana, na mng'ao huirudisha ndani miali ya joto.

Je, msafiri abebe maji ya moto na majani kando, au abebe chai iliyokwisha kupikwa? Maji yaliyojazwa Dar es Salaam kwa nyuzi 100 hayatakuwa na nyuzi 100 yafikapo Dodoma, hata chupa iwe nzuri kiasi gani. Majani yakitiwa wakati huo yatakolea kwa uvivu. Lakini chai iliyokwisha kukolea haihitaji tena joto kali, inahitaji kubaki moto tu. Kwa hiyo ni bora kuipika chai nyumbani, kuichuja vizuri, kuisuuza chupa kwa maji yanayochemka, kisha kuijaza hadi karibu na kizibo. Majani yasiachwe ndani, la sivyo chai itakuwa chungu kabla ya kufika Morogoro.

Kuhusu maziwa tahadhari ni kubwa zaidi. Chai ya maziwa inapopoa chini ya nyuzi 60 na kukaa kwa saa nyingi, huwa mahali pazuri pa kuzaliana vijidudu. Msafiri wa mbali afadhali abebe chai ya rangi, na maziwa ya unga kando, ayachanganye anapokunywa.

AFYA NA KUNI

Wapo wanaohofu kwamba maji yanayochemka kwa nyuzi 96 hayaui vijidudu, na kwa hiyo huyaacha yatokote muda mrefu. Hofu hiyo haina msingi. Vijidudu viletavyo kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara hufa upesi katika joto lililo chini hata ya nyuzi 96. Maji yakitokota kwa nguvu kwa dakika moja yanatosha. Ni mahali palipo juu ya mita 2,000 tu ndipo inaposhauriwa kungoja dakika tatu.

Kutokotesha kupita kiasi kuna gharama. Kupandisha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 96 huhitaji kilojouli 319. Lakini kugeuza robo lita tu ya maji hayo kuwa mvuke huhitaji takriban kilojouli 565. Yaani sufuria iliyosahauliwa jikoni hadi robo yake ikauke imekula moto mwingi kuliko ule ulioichemsha. Moto huo ni kuni na mkaa. Mkoa wa Dodoma unafahamu vema maana ya ardhi iliyopoteza miti: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kama HADO, ulianzishwa mwaka 1973 kwa sababu ya mmomonyoko mkubwa, hasa katika milima ya Kondoa. Mfuniko wa sufuria na jicho la mpishi ni sehemu ya hifadhi ya ardhi.

Lipo hata hivyo jambo moja ambalo kuchemsha hakuliondoi, nalo ni floridi. Baadhi ya visima vya mikoa ya Singida, Shinyanga, Arusha na Kilimanjaro vina floridi nyingi, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa kila lita ya maji ya kunywa. Floridi ikizidi huharibu rangi ya meno ya watoto, na ikizidi sana kwa miaka mingi huathiri mifupa. Mvuke unapotoka, floridi hubaki, na maji yaliyosalia huwa na floridi nyingi zaidi kuliko mwanzo. Mmea wa chai nao hukusanya floridi katika majani yake. Mahali ambapo kisima kinajulikana kuwa na floridi nyingi, watoto wasinyweshwe chai kali kila mara, na maji ya mvua yapewe nafasi ya kwanza katika kunywa na kupikia.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu anaweza kulipa darasa kazi ifuatayo. Kanuni ni kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, na mengine yote kuyaacha kama yalivyo.

1. Kagueni kipimajoto katika barafu inayoyeyuka. Kisha pimeni kiwango cha kuchemka kwa maji ya shuleni na mkokotoe kimo cha shule yenu. Linganisheni na ramani.

2. Andaeni vikombe vinne vya aina moja. Viwili visuuzwe kwa maji ya moto, viwili viachwe baridi. Mimineni maji yanayochemka kwa kipimo kimoja, na baada ya dakika moja someni joto la kila kikombe.

3. Pikeni chai kwa maji ya bomba au kisima, kwa maji hayohayo yaliyochemshwa na kutuama usiku, na kwa maji ya mvua. Tumieni gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji na muda wa dakika sita. Ndicho kipimo kilichowekwa na Shirika la Kimataifa la Viwango mwaka 1980 kwa ajili ya waonjaji wa chai. Chai hiyo itakuwa kali kuliko ya kawaida, lakini tofauti zitaonekana wazi.

4. Gaweni kila chai katika glasi tatu. Ya kwanza iacheni, ya pili tieni matone ya limau, ya tatu tieni chembe chache za magadi. Andikeni rangi na utando wa kila glasi. Glasi zenye magadi zisinywewe.

Kila kikundi kiandike kile kilichokiona, hata kama hakilingani na makala haya. Mwanafunzi wa Manyoni, wa Mpwapwa au wa Kondoa atapata namba zake mwenyewe, kwa kuwa shule yake ina kimo chake na kisima chake. Namba hizo zihifadhiwe katika daftari la maabara, na darasa la mwaka ujao lizirudie. Namba zitakapofanana, shule itakuwa imepata kiwango chake halisi cha kuchemka kwa maji, kilichopimwa na wanafunzi wake wenyewe. Zisipofanana, darasa litakuwa na kazi ya kutafuta sababu.